Protekta ya Kioo cha Simu: Inakinga Nini, na Haikingi Nini

Mlaji anaponunua simu, ni nadra kutoka dukani na simu peke yake. Kabla risiti haijaandikwa huulizwa kama atapenda kava, kisha huulizwa kama atapenda protekta, yaani ule utando au kioo chembamba kinachobandikwa juu ya kioo cha simu. Wapo wanaokubali bila kuuliza lolote, na wapo wanaokataa wakiamini kwamba hiyo ni mbinu ya muuzaji ya kuongeza mauzo. Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Katika makala haya tunaeleza protekta inafanya kazi gani hasa, ili mlaji aamue kwa kujua.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Protekta ni kinga nzuri dhidi ya mikwaruzo na kinga hafifu dhidi ya kuanguka, na mengi yaliyoandikwa kwenye pakiti yake hayaongezi chochote katika kinga hiyo. Kwa walaji walio wengi inafaa kununuliwa, ilimradi bei yake iwe ndogo ikilinganishwa na gharama ya kubadilisha kioo cha simu husika.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini kwa kaya nyingi si dogo. Simu ndiyo pochi ya mama lishe, ndiyo kituo cha kupokelea wateja cha dereva wa bodaboda, na ndiyo njia ya mzazi kumtumia mwanafunzi ada. Kioo kikiacha kuitikia mguso, mwenye simu hawezi kuandika namba yake ya siri. Fedha zipo, lakini hazifikiki mpaka laini ihamishiwe kwenye simu nyingine. Kwa hiyo, kulinda kioo ni sehemu ya kulinda kipato.

Kioo cha simu kimeimarishwa tayari

Kioo kilicho juu ya simu nyingi za kisasa si sawa na kioo cha dirishani. Kiwandani hutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 400 za Selsiasi. Humo, ioni za sodiamu zilizo kwenye uso wa kioo hutoka, na nafasi zake huchukuliwa na ioni za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Matokeo yake ni kama abiria wanne kuketi kwenye kiti cha daladala kilichotengenezwa kwa ajili ya watatu. Uso wa kioo hubanana, na mbano huo huzuia ufa kufunguka. Ndiyo sababu kioo cha simu huweza kuhimili kupindwa kidogo na kugongwa bila kuvunjika.

Hata hivyo, mbano huo upo kwenye tabaka jembamba la juu tu. Mkwaruzo mzito unaopenya tabaka hilo huacha mahali dhaifu. Mhandisi wa Kiingereza A. A. Griffith alionyesha mwaka 1921 kwamba udhaifu wa kioo hutokana na nyufa ndogo mno, zikiwemo zisizoonekana kwa macho, kwa kuwa nguvu inayokipiga kioo hujikusanya kwenye ncha za nyufa hizo. Hii ina maana kwamba mkwaruzo unaharibu zaidi ya sura ya simu. Kioo chenye mikwaruzo mizito huvunjika kwa urahisi zaidi siku kinapoanguka.

Adui mkubwa ni mchanga

Walaji wengi huogopa kuweka simu mfuko mmoja na funguo au sarafu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu vyuma vingi vya kawaida ni laini kuliko kioo. Adui mkubwa ni mchanga na vumbi.

Ili kuelewa sababu, tutazame kipimo cha ugumu wa madini kilichobuniwa na mtaalamu wa madini Mjerumani, Friedrich Mohs, mwaka 1812. Kipimo hicho huanzia 1, ambayo ni talki, madini yanayotumika katika poda, hadi 10, ambayo ni almasi. Dhahabu na shaba hukaribia 3. Ubapa wa kisu cha kawaida hukaribia 5.5. Tanzanaiti ya Mirerani iko kati ya 6 na 7. Rubi, kama zile za Longido, ni 9. Kanuni yake ni rahisi: kitu chenye ugumu mkubwa hukwaruza chenye ugumu mdogo.

Kioo cha simu kwa kawaida huanza kukwaruzika kinapoguswa na madini yenye ugumu wa 6 hadi 7. Kwatzi, madini yaliyo mengi katika mchanga wa mtoni na vumbi la barabarani, yana ugumu wa 7. Kwa hiyo chembe moja ya mchanga iliyojificha mfukoni au kwenye mkoba inaweza kufanya kile ambacho funguo haziwezi. Vivyo hivyo, mtu anayefuta simu yake kwa pindo la kanga au la shati lenye vumbi huweza kuikwaruza kwa mkono wake mwenyewe akidhani anaisafisha.

Hapa ndipo protekta inapokuwa na maana. Haina ugumu wa ajabu. Protekta ya kioo nayo hukwaruzwa na mchanga uleule. Faida yake ni kwamba inaumia badala ya kioo cha simu, na ikichakaa huondolewa na kuwekwa nyingine kwa gharama ndogo.

Maana halisi ya "9H"

Karibu kila pakiti ya protekta ya kioo imeandikwa "9H". Walaji wengi, na hata baadhi ya wauzaji, huamini kwamba maana yake ni ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, yaani sawa na rubi. Sivyo. Alama hiyo inatokana na kipimo cha penseli.

Penseli hupangwa kwa madaraja. Zenye herufi B ni laini, zenye herufi H ni ngumu, na ile ya shuleni tuliyoizoea ni HB. Daraja la 9H ndilo la juu katika kipimo hicho. Bidhaa inapoandikwa 9H, maana yake ni kwamba penseli ya daraja hilo haikuweza kuikwaruza. Lakini penseli ni mchanganyiko wa grafiti na udongo, navyo ni laini kuliko kioo. Hata kioo cha dirisha la nyumbani kinaweza kuushinda mtihani huo.

Tunamshauri mlaji asilipe shilingi ya ziada kwa sababu ya alama ya 9H, wala kwa sababu ya nyingine zinazotokana nayo kama "10H". Si lazima alama hiyo iwe ya uongo. Tatizo ni kwamba haimwambii mlaji jambo analotaka kujua.

Je, simu ikianguka?

Simu inapoanguka, mara nyingi haitui kifudifudi kwenye sakafu tambarare. Hutua kwa pembe au kwa ukingo. Nguvu ya kipigo huingilia kwenye fremu na kusambaa hadi kwenye kioo kutokea pembeni. Protekta iliyobandikwa juu haina njia ya kuizuia nguvu hiyo, na protekta nyingi hazifiki hata ukingoni. Hii ndiyo sababu mlaji anaweza kuona protekta imebaki nzima huku kioo cha chini yake kimepasuka.

Protekta huweza kusaidia pale simu inapoangukia kitu chenye ncha, kama kokoto, kikaipiga katikati ya kioo. Hapo kioo cha juu hupokea pigo la kwanza. Lakini kwa kuanguka kwa kawaida, kinga kubwa zaidi ni kava lenye pembe laini za mpira na kingo zilizoinuka kidogo kuliko uso wa kioo. Kava la namna hiyo hupunguza makali ya kipigo cha pembeni, na simu ikiangukia uso, kingo zake ndizo zinazotangulia kugusa chini.

Kwa hiyo, mlaji mwenye fedha ya kitu kimoja tu, na ambaye simu yake huanguka mara kwa mara, aanze na kava. Protekta ifuate.

Aina zilizopo sokoni

Protekta za plastiki nyembamba ndizo za bei nafuu. Huzuia mikwaruzo midogo, lakini zenyewe huchakaa haraka. Simu nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimebandikwa utando wa aina hii. Mwenye simu ya namna hiyo hana haja ya kununua nyingine mpaka wa kwanza uchakae.

Protekta laini zinazopindika, ambazo nyingi huuzwa kwa jina la haidrojeli, hufuata umbo la kioo kilichopinda pembeni. Mikwaruzo midogo sana huweza kufifia juu yake, lakini hazipunguzi makali ya kipigo kwa kiasi kikubwa.

Protekta za kioo huwa na unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Zinapendeza kuguswa kuliko plastiki, na huhimili mikwaruzo zaidi. Zikipasuka, mlaji aziondoe mapema, kwa kuwa vipande vyake vinaweza kukata kidole.

Zipo protekta za kioo zinazobandikwa kwa gundi ya maji, kisha kukaushwa kwa taa ya urujuanimno. Aina hii inahitaji tahadhari. Gundi ikizidi inaweza kupenya kwenye spika, vitufe au maikrofoni, na ikishakauka ni vigumu kuiondoa. Mlaji auulize kwanza mwongozo wa mtengenezaji wa simu, na asikubali kazi hiyo ifanywe kwa haraka pembeni mwa barabara.

Protekta za faragha hupunguza uwezo wa aliye pembeni kuona kioo. Zina manufaa kwa anayefanya miamala ndani ya daladala. Lakini hufifisha mwanga, na anayeongeza mwanga ili aone vizuri atatumia chaji zaidi.

Mwisho, zipo zinazodaiwa kuzuia "mionzi" ya simu. Mlaji ajiulize swali moja: kama kweli inazuia mawimbi ya redio, simu itapata mtandao kwa njia gani? Nazo zinazodaiwa kulinda macho dhidi ya mwanga wa bluu zisinunuliwe kwa bei kubwa. American Academy of Ophthalmology, chama cha madaktari wa macho cha Marekani, hakipendekezi hata miwani maalumu ya kuzuia mwanga huo kwa watumiaji wa kompyuta. Simu nyingi zina mpangilio wa usiku unaopunguza rangi ya bluu bila malipo yoyote.

Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Mlaji aulize bei mbili: bei ya protekta pamoja na kubandikiwa, na bei ya kubadilisha kioo cha simu yake hasa. Katika simu nyingi za kisasa, kioo cha juu na skrini iliyo chini yake vimegandishwa pamoja, hivyo vyote hubadilishwa kwa mara moja.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Protekta ni shilingi 5,000, na hubadilishwa mara tatu kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni shilingi 45,000. Kubadilisha kioo ni shilingi 150,000. Katika mfano huu, ili fedha hiyo irudi, protekta ingepaswa kuwaepusha watu watatu kati ya kila kumi na gharama ya kubadilisha kioo katika miaka hiyo. Kwa fundi ujenzi au mkulima anayefanya kazi katikati ya mchanga, hilo linawezekana. Kwa karani ambaye simu yake hukaa mezani, ni jambo la kufikiriwa.

Sasa tubadilishe namba. Protekta ikiwa ni shilingi 20,000, kwa mpango uleule mlaji atakuwa ametumia shilingi 180,000, ambazo zinazidi bei ya kioo chenyewe. Vivyo hivyo, kama simu ni ya bei ndogo na kioo chake hubadilishwa kwa shilingi 40,000, zile shilingi 45,000 za protekta za bei nafuu nazo zimezidi. Funzo ni kwamba protekta inafaa inapokuwa ya bei ndogo na isipobadilishwa ovyo. Mkwaruzo mmoja mdogo si sababu ya kununua mpya. Ibadilishwe inapopasuka, inapobanduka, au inapozuia kuona na kugusa.

Tableti

Tableti ina uso mpana, na mara nyingi hutumiwa na watoto zaidi ya mmoja. Uzito wake huongeza nguvu ya kipigo inapoanguka, hivyo kava lenye pembe nene ni muhimu zaidi kwake kuliko kwa simu. Protekta yake ni ghali kidogo, na ni vigumu kuibandika bila kuacha mapovu, hivyo ni vema ibandikwe na mzoefu. Kwa anayetumia kalamu maalumu ya kuandikia kwenye kioo, zipo protekta zenye uso wa kukwaruzakwaruza kama karatasi. Zinasaidia mwandiko, lakini humaliza ncha ya kalamu mapema.

Kabla ya kuondoka dukani

Tunamshauri mlaji afanye mambo yafuatayo mbele ya muuzaji.

Kwanza, ataje modeli kamili ya simu, si jina la kampuni pekee. Protekta isiyolingana inaweza kuziba kihisi kilicho juu ya kioo, na skrini ikashindwa kujizima wakati wa kuzungumza.

Pili, ahakikishe kioo kimesafishwa vema. Chembe ya mchanga ikibaki chini ya protekta haitatoka.

Tatu, ajaribu mguso katika pembe zote na katikati, kisha aandike ujumbe mfupi. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kuongeza usikivu wa mguso kwa wanaotumia protekta.

Nne, kama simu ina kihisi cha alama za vidole chini ya kioo, asajili upya kidole chake, kisha ajaribu kuifungua kwa kidole ambacho hakukisajili. Tahadhari hii ina sababu. Oktoba 2019 kampuni ya Samsung ilikiri kwamba michoro ya baadhi ya kinga za silikoni ilikuwa ikisomwa na vihisi vya baadhi ya simu zake kana kwamba ni alama za kidole, hata simu ikaweza kufunguliwa na mtu mwingine. Kampuni ilitoa sasisho la programu kurekebisha kasoro hiyo.

Tano, asimpe mtu namba ya siri. Kubandika protekta hakuhitaji simu kufunguliwa, na majaribio yote hapo juu mwenye simu anaweza kuyafanya kwa mkono wake.

Kilichopasuka ni kioo, au ni protekta?

Swali hili linaweza kuokoa fedha nyingi. Mlaji hupeleka simu kwa fundi akiona ufa, akatajiwa bei ya kioo kizima, kumbe kilichopasuka ni protekta tu. Ishara za kutazama ni hizi. Kama ufa unaishia kabisa kwenye ukingo wa protekta, kama skrini haina madoa meusi wala mistari ya rangi, na kama mguso unaitikia kila mahali, huenda kioo cha simu ni kizima. Mlaji adai protekta ibanduliwe kwanza mbele ya macho yake, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Fundi mwaminifu hatakataa ombi hilo.

Haki ya mlaji

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, ukiwemo ubora wake. Muuzaji akisema kwamba protekta yake ni ya kioo, kumbe ni plastiki, au kwamba simu yenye protekta yake haiwezi kuvunjika kabisa, mlaji ana haki ya kulalamika. Maandishi ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayampi mtu ruhusa ya kudanganya.

Ili malalamiko yaweze kushughulikiwa, mlaji adai risiti na atunze pakiti yenye maelezo. Aanze kwa muuzaji mwenyewe, kwa lugha ya staha, akieleza alichoahidiwa na alichokipata. Asiposikilizwa, alete malalamiko katika ofisi yetu iliyo karibu naye, akiwa na bidhaa hiyo, pakiti na risiti. Thamani ndogo ya bidhaa isimzuie. Mlaji mmoja akipoteza shilingi 5,000 ni hasara ndogo, lakini muuzaji anayewadanganya walaji elfu moja amejipatia shilingi milioni tano zisizo haki yake.